Tahadhari: pawa saplai za «wati 600» zinazotumwa Mtwara na Lindi zikiwa na lebo za kubandika

Ndugu zangu wa Mtwara Mjini, Mikindani, Masasi, Newala na majirani zetu wa Lindi, yeyote anayekusudia kununua pawa saplai ya kompyuta ya mezani (kile kiboksi kinachobadilisha umeme wa ukutani uwe wa kutumika ndani ya kompyuta) katika msimu huu wa mauzo ya korosho namwomba asitume fedha kabla ya kusoma maelezo haya. Yupo muuzaji anayejitangaza katika makundi ya WhatsApp, akidai kuwa ana duka Kariakoo, ambaye anauza pawa saplai zilizoandikwa wati 600 kwa shilingi 35,000 na kuzituma kwa basi hadi stendi. Simtaji jina kwa sababu malalamiko yamekwisha kufikishwa polisi, lakini mbinu zake ni lazima zijulikane, kwa kuwa wapo na wengine wanaozitumia.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Mtwara, na wateja kadhaa wameniletea mashine zilizozimika muda mfupi baada ya kufungwa vifaa hivyo. Kimojawapo nilikifungua mbele ya mwenyewe, mwalimu anayetumia kompyuta hiyo kuandaa mitihani. Chini ya stika mpya tulikuta stika ya zamani inayosomeka wati 250. Ndani, pale umeme wa ukutani unapoingilia, ambapo hupaswa kuwa na koili na kapasita za kuchuja umeme, palikuwa na nafasi tupu zilizounganishwa kwa vipande vya waya. Kapasita mbili za upande wa kutolea umeme zilikuwa zimevimba vichwa, na nyaya za kwenda kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) zilikuwa nyembamba kama za spika za redio. Hadi diski ya mwalimu haikuwaka tena, na mitihani yote iliyokuwamo imepotea. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana pawa saplai hununuliwa nyingine, lakini kazi ya mtu hainunuliki.

Udanganyifu huu unaweza kugundulika dukani bila kufungua chochote, iwapo mnunuzi ataisoma lebo yote badala ya kuangalia ile namba kubwa tu. Prosesa na kadi ya grafiki za siku hizi huchukua karibu umeme wao wote kwenye njia ya volti 12 (kwenye lebo huandikwa +12V), kwa hiyo tafuta ampea zilizoandikwa kwenye njia hiyo na uzizidishe kwa 12. Lebo ya muuzaji huyu inaonyesha ampea 16, yaani wati 192, ilhali juu yake imeandikwa 600 kwa wino mwekundu. Pawa saplai ya kweli ya wati 600 kwa kawaida huwa na ampea 45 au zaidi katika njia hiyo. Lebo isiyoonyesha ampea kabisa usiijadili, rudisha kifaa.

Angalieni pia alama ya 80 PLUS. Mpango huo ulianza mwaka 2004, na pawa saplai hupewa alama hiyo baada ya kupimwa na kuonekana kuwa angalau asilimia 80 ya umeme inaouvuta inafika kwenye kompyuta. Modeli zilizopimwa zimeorodheshwa kwenye intaneti, na simu yako inatosha kuhakikisha. Boksi la muuzaji huyu limeandikwa «85 PLUS», daraja ambalo halipo.

Mteja anapolalamika, jibu la muuzaji ni kwamba umeme wa kusini ndio mbovu. Nakubali kwamba umeme wetu hupanda na kushuka, lakini pawa saplai yenye kinga halali hujizima yenyewe mambo yanapoharibika, haiunguzi mazabodi. Isitoshe, baadhi ya vifaa vyake vimefika swichi ya nyuma ya kuchagua volti ikiwa kwenye 115, wakati umeme wa Tanzania ni volti 230. Ukiwasha hivyo, hupasuka kwa kishindo, na yeye hudai kwamba umeiunguza mwenyewe.

Namba kubwa ndiyo chambo chake, na wengi wetu hatuihitaji. Kompyuta ya kawaida ya nyumbani yenye prosesa ya i5 na isiyo na kadi ya grafiki ni nadra kuvuka wati 150 hata inapofanya kazi nzito, hivyo pawa saplai ya kweli ya wati 300 inatosha kabisa. Kwa mwenye bajeti ndogo, mimi huona ni afadhali ya mtumba iliyotolewa kwenye kompyuta ya ofisi ya kampuni inayojulikana kuliko mpya isiyo na asili. Nendeni na ile ya zamani mkailinganishe, kwa sababu kompyuta nyingi za Dell na HP hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24, na umbo la boksi nalo hutofautiana.

Kuhusu malipo, dalili zilikuwa wazi. Jina lililotokea kwenye malipo ya simu halikufanana na jina la duka, fedha zote zilidaiwa kabla ya mzigo kutoka, na risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) haikutolewa hata ilipoombwa. Muuzaji anayekataa risiti hiyo anavunja sheria, na mnunuzi ana haki ya kuidai.

Kwa aliyekwisha kununua: kama kompyuta bado inawaka, nakili kwanza mafaili yako kwenye flashi, kisha izime, ichomoe ukutani na usiiwashe tena na pawa saplai hiyo. Usiifungue mwenyewe, kwa kuwa kapasita kubwa za ndani hubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomolewa. Hifadhi boksi, stika zote mbili, ujumbe wa muamala na mazungumzo ya WhatsApp, halafu uvipeleke polisi pamoja na kuwasilisha malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo yenye dhamana ya kushughulikia bidhaa bandia.