Uzoefu wangu: hoteli ya zama za Malkia Victoria, ufukweni Llandudno

Nimelala usiku nne mwezi Juni katika mojawapo ya hoteli zilizojipinda kama mwezi mchanga kuizunguka ghuba ya Llandudno, kaskazini mwa Wales. Jengo ni la karne ya 19 na ninalipenda kweli, ila raha yako yote itategemea chumba utakachopewa.

Ukifunguliwa mlango, tazama dari kwanza. Ukanda wa plasta yenye nakshi unatakiwa kuzunguka chumba kizima. Ukiona umekatika ghafla, ukuta huo uliongezwa baadaye ili kupata bafu, au chumba kimoja kiligawanywa viwili. Kuta hizo ni nyembamba. Jirani akifungua bomba utamsikia. Cha kwanza kilikuwa hivyo. Niliomba kingine, nikapewa bila ubishi.

Kisha jaribu dirisha. Ni la vipande viwili vinavyopanda na kushuka, kila kimoja kikishikiliwa na kamba zenye vizito vya chuma vilivyofichwa ndani ya fremu. Kipandishe cha chini hadi nusu, ukiachie taratibu huku mkono ukikikinga. Kikishuka chenyewe, kamba imekatika. Usiweke vidole wala mtoto hapo, waite mapokezi. Kikigoma kabisa, mara nyingi ni rangi iliyopakwa tabaka juu ya tabaka. Likiwa zima, shusha cha juu sentimita kumi na upandishe cha chini kiasi hichohicho: hewa ya moto itatokea juu, baridi iingie chini. Hakuna feni inayolishinda.

Vyumba vya mbele vinatazama kaskazini mashariki, kwa hiyo jua ni la asubuhi tu na upepo wa bahari unapenya. Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na shakwe hawasubiri. Bado ningelipia mbele: gati la mwaka 1877, lenye urefu wa mita 700 hivi, unaliona ukiwa kitandani.

Ghorofa ya juu, walikolala watumishi, ni ya bei nafuu lakini dari ni fupi. Magoti yakikusumbua, uliza kabla ya kulipa kama lifti inafika huko. Yetu iliishia ghorofa moja chini. Maji ya moto yaache yatiririke dakika mbili, mabomba ni marefu. Chaja ya Kenya yenye pini tatu inaingia bila adapta.