Tripu ya darasa la mwanangu Neasden Temple

Mwanangu yuko darasa la pili kwenye shule ya Kihindu hapa London, wiki iliyopita nikajitolea kuwasindikiza Neasden Temple, hekalu la Kihindu, jamani si mchezo! Vipande 26,300 vya mawe na marumaru vimechongwa India vikaletwa kuunganishwa huku, likafunguliwa 1995. Viatu unaacha, picha ndani marufuku, watoto kimyaaa mpaka mmoja akauliza kwa sauti eti nani anafuta vumbi kwenye nakshi zote zile 😂. Kesho yake darasani wakajenga la kwao kwa maboksi ya siriali halafu wakachora rangoli (yale mapambo ya Kihindi ya sakafuni) kwa unga wa rangi, wangu karudi ana pinki hadi masikioni. Nyota 4, basi tulilokodi ndo lilituangusha, dakika 40 tumesimama na mvua ile.