Miezi kumi na minne na seva mpya ofisini: Dell PowerEdge T150

Ofisi yetu ni ya uhasibu, iko Kisutu, Dar es Salaam, na tuko watu tisa. Kazi zenyewe ni vitabu vya wateja, ritani za VAT kila tarehe 20, na hesabu za mwaka ambazo kwa wateja wengi hutakiwa ifikapo 30 Juni. Kwa miaka sita tulichokiita seva, yaani mashine inayotunza mafaili ya ofisi nzima, kilikuwa kompyuta ya kawaida iliyokaa chini ya meza ya mapokezi, folda moja ikiwa wazi kwa wote, na data ya Tally, programu yetu ya uhasibu, humo humo.

Tarehe 19 Machi 2024, siku moja kabla ya ritani, ilianza kulia tik, tik, tik, kisha kimya. Diski ilikuwa imekufa. Nakala pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa kwenye flashi ya mwenzetu, ya wiki tano nyuma. Usiku ule tulibaki watu wanne mpaka saa nane tukiingiza ankara upya kutoka kwenye mafaili ya karatasi, mmoja anasoma namba, mwingine anachapa. Mteja akikukabidhi vitabu vyake amekukabidhi biashara yake, na sheria inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka mitano. Niliona aibu kubwa. Bosi akaniambia, "Dada, tafuta kitu cha maana, bajeti nitaisimamia mimi."

Wazo la kwanza lilikuwa kupeleka kila kitu kwenye wingu, yaani kwenye seva za kampuni nyingine kupitia intaneti, na kuachana na mitambo. Nilikuwa nimeshaomba bei. Tarehe 12 Mei, Jumapili, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika, na siku zilizofuata intaneti ikawa ya kudonoa. Barua pepe yenye kiambatisho kimoja ilichukua robo saa. Nikafikiri ingekuwaje kama hata leja ya mteja aliyekaa mbele yangu ingekuwa ng'ambo. Wingu tunalitumia kwa barua pepe, lakini vitabu nilitaka viwe ndani ya ofisi.

La pili lilikuwa seva iliyotumika, ile bapa ya kufungwa kwenye raki. Pale Kariakoo zipo nyingi, kwa karatasi zina nguvu mara tatu ya nilichonunua, na bei inavutia. Niliomba iwashwe. Feni zake zilivuma hadi tukawa tunaongea kwa kupaza sauti, na ofisi yetu haina chumba cha seva. Ingekaa mita mbili kutoka kwangu. Kwenye duka jingine nilioneshwa diski "mpya" ndani ya plastiki iliyofungwa vizuri. Fundi wetu, kijana makini sana, aliomba kuichomeka kwenye laptopu yake kwanza. Programu ya kusoma afya ya diski ikaonyesha saa za kuwa kwenye umeme: 31,204. Hiyo ni zaidi ya miaka mitatu na nusu bila kuzimwa. Tukashukuru, tukatoka. Tangu siku hiyo hakuna diski inayoingia ofisini bila kusomwa namba hiyo, na ningeomba kila anayenunua afanye hivyo akiwa bado kaunta, kabla ya kulipa.

Julai 2024 tukachukua T150 mpya. Ni mnara, umbo la kompyuta ya mezani iliyonenepa kidogo. Tuliiagiza na prosesa ya Xeon E-2314 yenye kori nne, memori ya ECC ya GB 16, na kadi ya raidi, inayounganisha diski zaidi ya moja zifanye kazi kama moja. Muuzaji alitaka sana kutupandisha kwenye prosesa kubwa zaidi. Nilikataa, na sijajuta: watu tisa wakiwa wamefungua Tally na mafaili ya Excel, prosesa hukaa asilimia 10 hadi 15. Seva ya mafaili haifikirii sana, kazi yake kubwa ni kusoma na kuandika. Fedha ile tuliihamishia kwenye diski. ECC ndiyo ambayo sikutaka kuiacha, kwa sababu inasahihisha kosa la biti moja ndani ya memori kabla halijaandikwa kwenye leja, na kosa la namna hiyo kwenye namba za mteja huwezi kuliona kwa macho.

Diski za data ni mbili za TB 4 katika raidi ya 1, yaani kila kinachoandikwa kinaandikwa kote kuwili. Kabla hatujahamisha data tulizima mashine, tukachomoa moja, tukawasha. Mafaili yote yapo. Tukairudisha, ikajijaza upya usiku kucha. Hapa kuna jambo la kujua kabla ya kununua: kwenye modeli hii diski hazibadilishwi mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi. Lazima uzime, ufungue ubavu, uchomoe kebo. Pia ina pawasaplai, kile kifaa kinachoipa mashine umeme, moja tu. Sisi tunaweza kuzima saa moja jioni bila kumkwaza mtu. Kama ofisi yako inafanya kazi usiku na mchana, angalia T350, ambayo diski zake huchomolewa kwa mbele na inaweza kubeba pawasaplai mbili.

Upande wa programu tulichukua Windows Server 2022 Essentials. Inaruhusu watumiaji 25 na vifaa 50 bila kununua leseni ya kila mtumiaji. Toleo la Standard lingetudai leseni hizo tisa juu ya bei yake. Waulizeni wauzaji swali hili mapema, maana wengi hutaja bei ya seva na kunyamaza kuhusu leseni.

Wiki ya kwanza wenzangu walilalamika kwamba mafaili bado yanafunguka polepole. Nilivunjika moyo. Kumbe tatizo lilikuwa swichi ya mtandao, inayounganisha kompyuta zetu na seva, ya zamani, ya megabiti 100. Folda ya GB 10 ilichukua dakika 14. Tukaweka swichi ya gigabiti, kikasanduku kidogo cha bei ndogo kuliko kiti cha ofisi, folda ile ile ikapita kwa dakika moja na nusu. Laiti ningeanza na hiyo.

Umeme ndio ulionitia hofu zaidi. UPS yetu, betri inayoshikilia umeme ukikatika, ni ya VA 1500, ya aina inayorekebisha volti zikipanda au kushuka. Kwa seva na swichi inatupa dakika zaidi ya ishirini, lakini kilichotuokoa ni kebo yake ya USB. Betri ikishuka kiwango tulichoweka, seva inajizima yenyewe kwa utaratibu. Umeme umekatika mara nyingi tangu tuinunue, mara mbili usiku wakati hakuna mtu, na asubuhi tulikuta kila kitu salama. Joto pia lilinipa kazi. Mashine hii imetengenezwa kufanya kazi hadi nyuzi 35, na ofisi ya Dar ikifungwa Jumamosi bila kiyoyozi, Februari, inakaribia hapo. Tuliihamisha kutoka pembeni mwa dirisha la magharibi, tukaiinua sentimita thelathini kutoka sakafuni kwa ajili ya vumbi, na fundi huipuliza kila baada ya miezi mitatu.

Raidi haikurudishii faili ulilofuta kwa bahati mbaya, kwa hiyo bakapu ilibaki kuwa kazi yake peke yake. Mwanzoni fundi aliweka programu ndogo ya kunakili mafaili kila jioni. Mwezi wa pili nikasema tujaribu kurudisha vitabu vya mteja mmoja, kwa majaribio tu. Havikurudi vyote. Programu ilikuwa inaruka kila faili lililokuwa wazi, na data ya Tally huwa wazi kila jioni kwa sababu kuna mtu hajaifunga. Tungekuwa tumelala tukiamini tuna nakala. Tukahamia bakapu iliyomo ndani ya Windows Server yenyewe, ambayo hunakili hata faili lililo wazi. Jaribio la pili: dakika 40, vitabu vimerudi mpaka vocha ya mwisho.

Sasa tuna diski mbili za nje zinazopokezana. Moja ipo ofisini, nyingine bosi anaondoka nayo kila Ijumaa. Zote zimefungwa kwa nywila, kwa kuwa mishahara na namba za watu zimo humo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuwajibisha. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi ninachagua mteja mmoja bila kumwambia fundi ni nani, naye anarudisha vitabu vyake mbele yangu.

Kwa ofisi ya watu watano hadi ishirini ninaipa T150 nyota nne. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya kuzima ili kubadili diski. Ukipanga bajeti, tenga theluthi nzima kwa UPS, swichi, diski za nje na siku mbili za fundi. Sisi ndiyo iliyokwenda huko.