Video za kujifunza mazingaombwe ya karibu: ukiwa Lubumbashi ununue gani kwanza

Kila mara kuna kijana ananiuliza, yaya, ile michezo ya karata ulijifunza wapi, nitumie linki. Linki si shida. Shida ni kwamba video za kufundisha mazingaombwe ya karibu, yaani ile ya mezani, mutu iko mbele yako anaweza kukushika mkono, ziko nyingi mno na nyingine zimetengenezwa ili ununue tu, kujifunza ni juu yako. Na sisi huku dola tunazitafuta kwa jasho, mega za internet nazo zinaisha kabla jua halijazama, kwa hiyo ukinunua vibaya umepoteza makuta na mega pamoja. Nimezipanga hapa kutoka ile ningenunua ya kwanza mpaka ile ningeiacha palepale.

Lakini kabla ya jina lolote, angalia kamera iko wapi. Chukua ule ufundi wa kunyanyua karata mbili zionekane moja. Ukiangalia kwa mbele unaona mwalimu anageuza karata, basi. Kazi yote iko nyuma: ncha ya kidole kidogo imeingia chini ya karata ya pili, imeshika upenyo mwembamba kama ukucha, kidole gumba kimelala pembeni kinafunika, halafu zile mbili zinaondoka zimebanana kona kwa kona bila kuachana hata kidogo. Kama kamera haijapita juu ya bega la mwalimu ili uone mikono yake vile unaona yako, utarudisha nyuma mara ishirini na bado mikono itashika vibaya, na mikono ikishazoea vibaya kuitoa pale ni kazi ya miezi, mimi nilikaa karibu mwaka mzima narekebisha kidole kimoja. Njo maana natazama tangazo la video bila sauti kwanza. Kama tangazo lote ni sura za watu wanashangaa na muziki, napita.

Namba moja kwangu ni Royal Road to Card Magic ya R. Paul Wilson, Mskoti mmoja mwenye mikono safi sana. Ni DVD tano, zinafuata kitabu cha Jean Hugard na Frederick Braue cha 1948, na uzuri wake ni mpangilio: unaanza na kuchanga karata tu, kuchanga kwa kawaida, kisha kuchanga huku unailinda karata moja, halafu hapohapo anakupa mchezo unaotumia kile umejifunza. Hupandi ngazi ya pili kabla ya kukanyaga ya kwanza. Kozi moja ya hivi inakupa kazi ya mwaka mzima, ukigawa bei yake kwa miezi utaona ni rahisi kuliko michezo minne ya kununua mmoja mmoja. Anaongea Kiingereza, ni kweli, lakini mikono unaielewa, na maneno ya ufundi yanarudi yaleyale, baada ya wiki mbili sikio limezoea.

Kama hutaki safari ndefu hivyo, au kuna harusi ya ndugu mwezi ujao na unataka michezo michache ya kuonyesha, namba mbili ni Born to Perform Card Magic ya Oz Pearlman. Ni diski moja, anakuanzia chini kabisa, na bei ni ndogo. Msingi wake hauendi mbali kama wa Wilson, ila kwa mwenye haraka inatosha kabisa.

Wanaosoma Kifaransa vizuri, na huku ni wengi, waangalie Mayette, duka la mazingaombwe la Paris ambalo lipo tangu 1808. Dominique Duvivier wa pale ametoa video zake kwa Kifaransa, lakini si za mtu anayeanza leo. Nenda kwake ukishajua kushika pakiti ya karata.

Namba tatu ni elastiki, zile pete ndogo za mpira, na hapa nasema kwa moyo wote, kwetu elastiki haithaminiwi inavyostahili. Karata nzuri zinatoka mbali, lakini elastiki unazipata soko ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, kwa falanga kidogo, unaingiza mbili kwenye kidole asubuhi, na hata kwenye bus unafanya mazoezi. Dan Harlan amefundisha elastiki kwenye video nyingi na anafundisha polepole. Ule mchezo wa elastiki moja kupita ndani ya nyingine, mutu akiwa anaziangalia kwa umbali wa kisahani, nimeona unanyamazisha meza nzima.

Sarafu nimeziweka namba nne, na si kwa sababu video zake ni mbaya. David Roth, aliyefariki 2021, alikuwa bingwa wa sarafu na video zake ni darasa kweli. Ila fikiria: Kongo hatutumii sarafu, falanga zetu zote ni karatasi. Video za Marekani zinafanyika na nusu dola, sarafu ya milimita 30 na kidogo, kubwa, inajaa kiganja. Wengine wanaleta sarafu ya kwacha, pesa ya Zambia, kutoka mpakani Kasumbalesa, ile ni ndogo, inateleza. Hapa hakuna anayetarajia sarafu mfukoni mwako, ukitoa moja watu wanaanza kuishuku kabla hujafanya kitu.

Basi utasema tufanye na noti. Ndiyo, video za kugeuza noti ziko, na ni nzuri, lakini zinakunja noti mara nyingi sana, na unajua dola yenye kachaniko kadogo hapa hakuna mutu anaipokea. Fanya mazoezi na falanga 100 au 200 zilizochoka. Siku ya kuonyesha, usiombe dola ya mutu.

Marehemu Daryl, bingwa wa karata wa Marekani, alitoa Encyclopedia of Card Sleights, juzuu nane za video za ufundi mtupu. Ni kamusi. Nunua ukishakuwa na mwaka wa pili, siyo sasa.

Ya mwisho, ile ya kuacha, ni video ya mchezo mmoja wa dola 10 au 15 yenye tangazo tamu. Mwaka mmoja nilinunua moja, nikakaa na mega zangu nikaipakua, dakika ya tatu mwalimu anasema sasa chukua kile kifaa cha siri. Kifaa kinauzwa pekee, na hawatumi Kongo. Nilikasirika sana. Tangu siku ile nasoma maelezo yote mpaka chini, natafuta mahali wanaandika vinavyohitajika.

Kitu kingine cha kutazama: kama video inaonyesha mchezo mbele ya watu wa kweli na kufundisha maneno ya kusema. Mama mdogo wangu kule Katuba, nilipomtolea karata yake mfukoni mwake, alisimama akaanza kuomba. Ilinibidi nikae naye, nimpe pakiti aishike, nimwambie mama, hii ni mikono, nilijifunza. Watu wetu hawachezi na habari za uchawi, kwa hiyo mwalimu anayekufundisha kuongea kwa utani na upole anakulinda.

Kuhusu kulipa, kadi ya Visa ya benki inafanya kazi, jaribu na kitu cha bei ndogo kwanza. Hakikisha unaruhusiwa kupakua faili, kutazama moja kwa moja tu kutakumaliza, ju saa moja na nusu ya picha nzuri inaweza kula giga nzima au zaidi. Pakua usiku, na ukimaliza weka kopi yako kwenye flashi kabla SNEL, watu wa umeme, hawajakata.