Civilization VI na Civilization VII: uzoefu wangu, na kwa nini moyo bado uko kwa la sita

Niseme mapema kwa ajili ya anayetaka kununua leo: Civilization VII ni gemu zuri, ninalicheza na nitaendelea kulicheza, lakini halijaiondoa Civilization VI kwenye nafasi yake. Shida yangu si picha wala sauti, kwa sababu huko la saba limeshinda kabisa. Shida ni kwamba, kama lilivyotoka mwaka 2025, linakutaka uachane na taifa lako mara mbili kabla mchezo haujaisha. Kwa mtu aliyezoea kulilea taifa moja tangu enzi za mikuki hadi kurusha roketi, hilo si jambo dogo.

Kwa wasiozijua, yote mawili ni magemu ya mikakati yanayokwenda kwa zamu, kutoka kampuni ya Firaxis. Unaanza na walowezi wachache kwenye ramani iliyogawanywa vipande vya pembesita, unajenga miji, unatafuta elimu, unafanya biashara, unapigana au unapatana na majirani. La sita lilitoka Oktoba 2016, likapata nyongeza mbili kubwa, Rise and Fall mwaka 2018 na Gathering Storm mwaka 2019, kisha vifurushi vingine vya mataifa na viongozi. La saba lilitoka Februari 2025. Kwa hiyo ninalinganisha gemu lililopikwa miaka mingi na lingine ambalo bado liko jikoni, na nimejitahidi kulikumbuka hilo kila ninapolalamika hapa chini.

Nianze na ninachokipenda katika la sita, maana ndicho kipimo changu. Chukua Mali chini ya Mansa Musa. Mchezaji mwingine akijikuta katikati ya mchanga atafuta mchezo aanze upya, ila Musa anataka hapo hapo. Kila kipande cha jangwa kinachogusa kitovu cha mji wake kinampa chakula na imani. Migodi yake hutoa dhahabu 4 za ziada lakini hupungukiwa na uzalishaji, na juu ya hapo Mali hukatwa asilimia 30 ya uzalishaji inapojenga majengo au kuunda wanajeshi. Ukiyajumlisha hayo unaelewa kwamba hutakiwi kujenga, unatakiwa kununua. Ukiweka Suguba, yaani wilaya (sehemu ya mji iliyotengewa kazi moja) yao ya biashara, bei ya kununua inashuka kwa asilimia 20. Misafara inayokwenda nje huongezewa dhahabu kwa kila kipande cha jangwa tambarare kilichoko kwenye mji inakotokea.

Mwanzo unateseka kweli. Jirani anazungusha kuta, wewe hata wapiga mishale wa kukutosha huna, na kila jengo linakwenda kwa mwendo wa konokono. Halafu misafara inaanza kurudi. Unafungua mji, unaangalia chuo kikuu ambacho jirani amekitolea jasho zamu nyingi, unakilipia, na zamu inayofuata kimesimama. Historia inatuambia kwamba Mansa Musa alipopita Cairo akielekea Makka mwaka 1324 aligawa dhahabu nyingi hadi thamani yake ikashuka katika mji ule. Waundaji wa la sita hawakuishia kuiandika habari hiyo kwenye maelezo ya kiongozi. Waliigeuza kuwa kanuni, nawe unaijua kwa kuicheza.

Kongo nayo imefanyiwa vivyo hivyo. Mvemba a Nzinga, mfalme aliyepokea Ukristo kupitia Wareno, katika la sita hawezi kuanzisha dini yake wala kujenga wilaya takatifu, ila hunufaika na dini ya wengine ikishaenea katika miji yake. Kanuni ile tu inakusimulia mtu yule alikuwa nani.

Tena kuna ramani yenyewe. Katika la sita, wilaya hula ardhi. Ukiiweka ya elimu karibu na milima inapata nguvu zaidi, lakini kipande hicho hutakitumia tena kwa jambo lingine. Kwa hiyo uamuzi wa asubuhi ya mchezo unaonekana hadi jioni yake. Nikifungua mchezo wangu wa zamani naweza kukwambia kwa nini bandari iko pale na kwa nini lile bonde nililiacha tupu: nililitunzia ajabu la Petra, linalotaka jangwa au bonde la mafuriko.

Sasa la saba. Mchezo umegawanywa enzi tatu: ya kale, ya uvumbuzi na ya kisasa. Kiongozi unabaki naye mwanzo hadi mwisho, lakini taifa, kama gemu lilivyotoka, unalibadilisha kila enzi inapokwisha. Unaweza kuanza na Hatshepsut akitawala Misri, ukavuka naye kwenda Songhai, ukamalizia Buganda. Kama kwenye enzi ya kale ulijipatia farasi wa kutosha, unafunguliwa hata njia ya kuwa Mongolia.

Nimeicheza hiyo njia ya Misri, Songhai na Buganda, na nimeiwazia sana. Songhai ilikuwa dola ya Mto Niger, yenye Gao na Timbuktu, ikavunjwa na jeshi la Moroko mwaka 1591. Buganda iko kwenye ziwa linalotoa Nile. Kati ya tawala hizi tatu hakuna ukoo wala urithi, ila zote zilijengwa kandokando ya maji, na ukizicheza unaona mchezo unautumia uzi huo. Mito mikubwa ya la saba inapitika kwa meli. Unatoka baharini na manowari zako, unaingia bara, unaupiga mji uliodhani umejificha. La sita halina kitu hicho, na kila nikirudi huko nikautazama mto uliokaa tu kama mpaka, naona pengo.

Buganda ilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Miongoni mwa maajabu ya enzi ya kisasa kuna Muzibu Azaala Mpanga, ile nyumba kubwa ya nyasi ya Kasubi wanamozikwa Makabaka, iliyoungua Machi 2010. Kuiona imesimama kwenye ramani moja na Mnara wa Eiffel, imechorwa kwa uangalifu hadi umbo la paa lake, ni heshima ambayo magemu haya yalichelewa kuitoa. Amina wa Zazzau, malkia wa Kihausa, yumo tangu siku ya kwanza. Ibn Battuta naye yumo kama kiongozi, mtu aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na mojawapo ya sifa zake mchezoni ni kuona mbali. Kuwaweka wasafiri na wanafikra kwenye kiti cha uongozi ni uamuzi ninaouunga mkono moja kwa moja.

Lakini kuvuka enzi kwenyewe ndiko kunakoniumiza. Enzi inapokaribia mwisho, janga linaanza: uasi, tauni au uvamizi. Unalazimika kuchagua sera za madhara, yaani unapewa mabaya kadhaa nawe unaamua lipi utaliweza. Sehemu hiyo ni nzuri mno, nimewahi kuokoa mji kwa kuukosesha furaha mwingine. Kisha zamu ya mwisho inafika, na vita vinakatika vyote, hata ile uliyokuwa ukishinda. Isipokuwa makao makuu, miji yako kwa kawaida hushushwa daraja. Wanajeshi wanapangwa upya. Unachagua jina jipya la taifa na kuendelea. Wachezaji wengi wamelilalamikia hili tangu gemu litoke, na masasisho yaliyofuata yamelainisha mambo kadhaa. Hata hivyo hisia ya kukatwa bado ipo.

Inaonekana zaidi kwa majirani wadogo. Katika la sita kuna dola-mji iitwayo Zanzibar, na ukiwa bwana wake unapata mdalasini na karafuu, bidhaa ambazo huzikuti popote pengine kwenye ramani. Nimewahi kuingia vitani kuilinda kwa sababu ya viungo tu, na urafiki ule ukadumu hadi zama za ndege. La saba nalo lina jamii huru unazoweza kuzivuta kwa ushawishi hadi zikawa dola-mji rafiki. Tatizo ni kwamba, kama gemu lilivyotoka, enzi ikipinduka zilikuwa zinafutika. Nikishalijua hilo, siwekezi moyo, nawekeza hesabu tu.

Haki itendeke, lakini. Waundaji walieleza wazi kwamba walileta enzi hizi kwa sababu wachezaji wengi hawamalizi mchezo, na ni kweli tupu. La sita likishafika zama za viwanda huwa mzigo. Miji imezidi, wajenzi wanasubiri amri, na kila zamu unabonyeza mambo usiyoyajali ilhali mshindi ameshajulikana. La saba limewaondoa wajenzi kabisa. Mji ukikua, unachagua kipande cha ardhi na kinaendelezwa chenyewe. Makazi mapya huanza kama miji midogo inayogeuza uzalishaji wake kuwa dhahabu, na ni wewe unayeamua upi uupandishe hadhi kwa kulipia na upi ubaki kuilisha miji mikubwa. Michezo yangu ya la saba naimaliza. Ya la sita, mingi imelala njiani.

Vita navyo vimekuwa bora kwa mbali. Katika la sita kupitisha jeshi kwenye njia nyembamba ya milimani ni adhabu, kila kikosi kinasogezwa peke yake na kinamziba mwenzake. Katika la saba una kamanda anayebeba vikosi kadhaa kwa pamoja, anasafiri nao, kisha anawamwaga uwanjani. Uzoefu wa vita unamwendea yeye, sio askari mmoja mmoja, na anavuka nao enzi. Kamanda niliyempandisha cheo enzi za mikuki ndiye aliyekuja kuniongozea vifaru. Hakuna kingine ndani ya la saba nilichokishikilia kwa mapenzi kiasi hicho, na nadhani sababu ni kwamba yeye na kiongozi ndio wanaoruhusiwa kuwa na kumbukumbu.

Diplomasia imenigawa. Ushawishi sasa ni kama sarafu, unaulipia mikataba, hujuma na urafiki, na umenyooka kueleweka. Ila majadiliano ya bei hayapo tena. Katika la sita nilikuwa namwuzia mpinzani almasi, nataka dhahabu na kazi ya sanaa juu yake, ananikatalia, napunguza kidogo, tunakubaliana. Kelele zile za sokoni nazikosa. Dini nayo imekonda, imebanwa kwenye enzi ya uvumbuzi, wakati la sita linakuruhusu kushinda mchezo mzima kwa mahubiri.

Kama hujawahi kucheza lolote kati ya haya, anza na la sita pamoja na Gathering Storm, halafu chagua taifa unalolipenda kwa historia yake, usijali nguvu zake. Kama la sita umelicheza hadi limekuchosha sehemu za mwisho, la saba litakufaa sasa hivi. Kama unaishi kwa vita, usisubiri. Ukiingia la saba, anza na Hatshepsut na Misri, weka mji wa kwanza kwenye mto unaopitika, pandisha hadhi miji michache tu, na uitazame asilimia ya enzi iliyoko juu ya skrini tangu mapema, kwa kuwa kila hatua kubwa inayofikiwa inaisogeza mbele. Ikikaribia kujaa, waingize wanajeshi wako bora kwa makamanda. Wanaoachwa nje hawana uhakika wa kuvuka.