Kapeti ya sebuleni Uganda: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Watu wengi wakitafuta kapeti wanaanza na rangi, "nataka ya grei kama ile niliyoona kwenye picha", na hapo ndo hela inaanza kupotea. Kwa nyumba zetu huku Uganda, iwe Kampala, Jinja, Mbale au Arua, swali la kwanza ni utaisafishaje. Vumbi letu ni jekundu, linaingia mlangoni, linaingia dirishani, mvua ikinyesha linageuka tope la kunata, na wengi wetu hatuna mashine ya kufyonza vumbi, tuna ufagio, maji na kamba ya kuanikia. Kwa hiyo hapa nimezipanga kwa kuangalia inafulika vipi, inakauka haraka kiasi gani na inavumilia vumbi kwa muda gani. Uzuri nimeuhesabu pia, ila baada ya hayo.

Namba 1: kapeti fupi ya polipropilini, ile ya kufumwa kwa mashine

Ndo ile nyuzi zake fupi, ina maua au michoro ya kizamani au miraba, unaikuta imeviringishwa na kusimamishwa ukutani dukani, na wauzaji wanaiita "ya Uturuki" hata kama haijawahi kuiona Uturuki. Za Uturuki zenyewe nyingi zinatoka mji wa Gaziantep, kule viwanda vya kapeti za mashine vimejaa, na Misri nayo inatengeneza nyingi tu na nzuri, kwa hiyo geuza nyuma usome lebo kabla hujasikiliza maneno ya mtu. Ukikuta lebo imeandika idadi ya nukta kwa kila mita ya mraba, hiyo ndo namba ya kulinganishia, nukta zikiwa nyingi maana yake nyuzi zimesongamana na kapeti itakaa.

Naiweka juu kwa sababu uzi wa polipropilini karibu haunywi maji kabisa, na rangi yake kwa kawaida inachanganywa wakati uzi wenyewe unatengenezwa, haipakwi juu baadaye. Mtoto akimwaga chai unakandamiza kitambaa kikavu, chai inatoka. Kila asubuhi unapiga ufagio unamaliza. Ikichafuka kweli, vijana wanaoosha magari wengi wanaosha na kapeti pia, au mnaitandika uani mnaisugua wenyewe kwa brashi laini na omo kidogo halafu mnaianika, ikipata jua zuri mchana mzima inarudi ndani.

Ina maadui wawili na uwajue kabla hujalipa. Mmoja ni mafuta. Uzi huu unakataa maji lakini mafuta unayapenda, kwa hiyo mchuzi wa binyebwa, yaani karanga, wa kulia matoke ukimwagika hapo sakafuni ni shida kubwa kuliko soda. Usisugue. Kwangua kwa kijiko, halafu tumia sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, kandamiza na kitambaa, rudia mpaka kitambaa kitoke safi. Adui wa pili ni moto: polipropilini inayeyuka kwenye joto la nyuzi 160 hivi, na kaa moja la sigiri, yaani jiko la mkaa, linafika mbali zaidi ya hapo, linatoboa shimo jeusi gumu ambalo halitibiki. Kama mnapasha pasi ya mkaa au mnawasha sigiri karibu na mlango, kapeti ianzie mbali na hapo.

Sasa dukani fanya hivi. Ikunje kapeti kwa nje, kama unavunja mkate, manyoya yafunguke. Ukiona mgongo wake mweupe waziwazi kati ya mistari, imefumwa kwa uchache, itakaa mwaka itaanza kuwa na upara pale watu wanapopita. Ukiona nyuzi tu na mgongo umejificha, hiyo ni nzuri. Kisha isugue kwa kiganja mara kadhaa, nyuzi chache zikitoka ni kawaida kwa kapeti mpya ila zikijaa mkononi iache. Angalia pindo zote nne, ovaloki iwe imebana, maana kufumuka kunaanzia konani. Mwisho angalia mgongo: kama ni wa juti, ile rangi ya gunia, ujue ukiiosha lazima ikauke pande zote mbili sawasawa, juti ikikaa na unyevu inaoza na kuacha madoa ya kahawia mpaka juu. Mgongo wa plastiki hauna tabia hiyo.

Saizi na bei, kabla hatujaendelea

Maduka yetu yanauza kwa futi, na saizi unazozikuta sana ni 5 kwa 8 na 7 kwa 10. Muuzaji akikutajia bei gawanya kwa futi za mraba. 5 kwa 8 ni futi 40, 7 kwa 10 ni futi 70. Tuseme ile ndogo anasema laki mbili, hiyo ni elfu 5 kwa futi, basi kubwa ya aina ileile ikizidi laki tatu na nusu uliza kuna nini cha ziada, na kama hakuna hapo ndo pa kuanzia kupatana. Bila hesabu hii utadhani "hii kubwa ni ghali" kumbe kwa futi ndo nafuu.

Na tafadhali usinunue ndogo kwa sababu ya bei tu. Kapeti inayoelea katikati ya sebule, makochi yote yako nje yake, inafanya chumba kionekane kidogo na inateleza kila mtoto akipita. Inatakiwa angalau miguu ya mbele ya makochi iikanyage. Tandika shuka au magazeti sakafuni kwa ukubwa unaoutaka, ukae siku moja, upite pite, ndo uende dukani na vipimo vyako kwenye karatasi. Fikiria pia mahali wageni wanaposalimiwa: kama nyumbani kwenu mabinti wanapiga magoti kusalimia, kapeti ifike pale, watu wasipige magoti kwenye tailizi au sementi tupu.

Rangi

Kapeti nyeupe inaonyesha udongo wetu siku ileile, hilo kila mtu analijua. Ambalo wengi hawalijui ni kwamba nyeusi tupu nayo inaonyesha vumbi vibaya mno, kila unyayo unaonekana. Zinazokaa vizuri na udongo huu ni rangi za katikati zenye mchanganyiko: kahawia na kutu, haradali iliyokolea, grei yenye ukahawia ndani, maruni yenye michoro. Michoro ndo inaficha, rangi moja tupu haifichi hata iwe ya udongo wenyewe.

Halafu angalia ulichonacho. Nyumba nyingi za kupanga ukuta ni krimu, pengine chini wamepiga oili peinti ya kahawia au kijani mpaka usawa wa kiuno, makochi ya maruni au kahawia na juu yake vitambaa vyeupe vya kufuma. Hapo tayari una michoro ya vitambaa, kwa hiyo kapeti ichague michoro mikubwa iliyotulia, maua madogo madogo yakikutana na kufuma kule chumba kinakuwa na kelele. Beba mto mmoja wa kochi uende nao dukani, mwenye duka hatakushangaa. Na usikubali kuchagua chini ya taa nyeupe za ndani peke yake, mwambie "ssebo (bwana), tuitoe mlangoni kidogo", kwa sababu grei nyingi zikitoka kwenye jua zinageuka zambarau au buluu, na hiyo ndo rangi utakayoiona mchana kwako.

Huku tuko kwenye ikweta, jua mwaka mzima linachomoza karibu mashariki kabisa na kuzama magharibi, kwa hiyo dirisha linaloangalia magharibi linaingiza jua kali la jioni kila siku. Kama kapeti inakaa hapo, weka pazia zito au uwe unaigeuza kichwa kwenda miguuni kila baada ya miezi michache, la sivyo upande mmoja utapauka na mwingine ubaki mpya.

Namba 2: mkeka wa ensansa

Wengine watashangaa kuuona hapa juu. Mkeka wa makuti ya mkindu uliosukwa vizuri na kutiwa rangi ni kitu kizuri kuliko kapeti nyingi za dukani, ni mwepesi, ni baridi mguuni wakati wa joto, vumbi halina pa kujificha kwa sababu unaukung'uta tu nje, na hela yako inaenda kwa mama aliyeusuka. Wageni wakizidi makochi, unatandikwa wanakaa watu saba.

Kuuchagua: uinue juu uangalie mwanga. Ukiona mwanga unapenya kati ya misuko, umesukwa kwa haraka. Mkeka ni mikanda mirefu iliyoshonwa pamoja, kwa hiyo vuta taratibu pale kwenye mshono, uzi usifunguke. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa kidogo sugua sehemu ya zambarau au nyekundu, rangi ikihamia kwenye kitambaa itahamia na kwenye magauni ya watu. Sokoni tu unapata mizuri, na kama unatafuta yenye ufundi wa juu zaidi nenda Kampala, kijiji cha ufundi nyuma ya National Theatre au lile soko la ufundi la Buganda Road, bei za pale zimezoea watalii kwa hiyo patana bila haya.

Usiuloweke. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa, uanike kivulini, na ukiuhifadhi uviringishe, usiukunje, ukikunja makuti yanavunjika palepale. Miezi ya mvua, Machi mpaka Mei na tena Septemba mpaka Novemba, uwe unauinua kutoka kwenye sakafu ya sementi, vinginevyo chini unaota ukungu.

Ninavyopenda mimi ni mkeka mkubwa chini na kapeti ndogo juu yake mbele ya kochi. Inatosha kwa sebule nzima na bei inabaki chini.

Namba 3: kapeti ya plastiki ya kukata kwa mita

Kwa anayeishi muzigo, chumba kimoja kitanda na sigiri na watoto vyote humo, hii ndo namba moja yake na asione aibu. Unafuta kwa tambara, umemaliza. Ila nunua ile nene yenye sponji nyuma, ile nyembamba miguu ya kitanda inaikata ndani ya miezi. Kabla ya kutandika hakikisha sementi imekauka kabisa, unyevu ukifungiwa chini harufu yake haitoki.

Namba 4: mtumba wa sufu

Owino, lile soko kubwa la mitumba Kampala, kuna bahati yake. Kati ya mapazia na mashuka unakuta kapeti ya sufu halisi kutoka Ulaya ambayo mpya usingeigusa kwa bei. Muuzaji akikubali, chomoa uzi mmoja uuchome: sufu inanuka kama nywele zinazoungua na majivu yake yanasagika vidoleni, plastiki inayeyuka ikawa kidonge kigumu. Kagua mgongo wote kutafuta vitobo vya nondo, maana nondo wanakula sufu, na ukifika nayo nyumbani iache juani siku nzima pande zote, uipige kwa fimbo, ndo uiingize ndani.

Namba 5: katani

Inapendeza, ni imara, inafaa ofisini. Kwa nyumba yenye watoto hapana, inakwaruza magoti na maji yakiimwagikia yanaacha doa la kudumu.

Namba 6: ya manyoya marefu

Najua ndo inayouzika sana sasa hivi, na ukiikanyaga dukani bila viatu moyo unakwenda. Nyingi ni poliesta, laini kweli. Lakini manyoya marefu ni ghala la vumbi jekundu, ufagio unapita juu tu, kinachozama chini kinabaki hukohuko kikikata nyuzi kila mtu akikanyaga, na mwenye pumu nyumbani ndo atakuwa wa kwanza kujua. Ikioshwa wakati wa mvua inachukua siku kukauka na inaanza kunuka. Weka kipande kidogo kando ya kitanda, chumbani ambako viatu haviingii, itakupa raha yake yote. Sebuleni hapana.

Ya mwisho: ile ya kugundisha ukuta kwa ukuta

Haitoki nje, haifuliki uani, bomba likipasuka imekwisha. Iache.

Vitu viwili watu wananiulizia

Ngozi ya ng'ombe wa Ankole: nzuri, na ikiwa imetengenezwa vizuri inadumu miaka. Inuse, isinuke mzoga. Ikunje, isipasuke wala kulia. Vuta nywele kidogo, zisitoke. Haitaki maji, kwa hiyo ikae mbali na mlango.

Lubugo: hapana, usiuweke sakafuni hata kama umeona mgeni kafanya hivyo. Ni kitambaa kinachopigwa kutoka gome la mti wa mutuba, UNESCO imeuorodhesha ufundi wake kama urithi wa utamaduni tangu 2008 baada ya kuutangaza 2005, lakini kabla ya hayo yote Baganda wanavishia wafu wao na kufanyia sherehe za Kabaka, mfalme wao. Watu wakikanyaga, kuna mzee ataumia moyoni. Utundike ukutani au tengeneza foronya za mito isiyolaliwa, ile rangi yake ya kutu inakaa vizuri sana na kapeti ya kahawia na haradali. Mito mingine ishone kwa kitenge, ila kifue kabla hakijakatwa, pamba inarudi.

Ukishalipa

Kapeti ya 7 kwa 10 ikiviringishwa ni urefu wa zaidi ya mita mbili, usiipakie boda ikiwa imelala kwa upana barabarani, lipa pikapu au uwaombe duka wakuletee. Iviringishwe manyoya yakiwa ndani. Kama sakafu ni tailizi nunua na ule wavu wa mpira wa kuzuia kuteleza, ukate uwe mdogo kuliko kapeti inchi moja kila upande usichungulie. Kona zikiinuka siku za kwanza, zikunje kinyume, uziwekee kitu kizito usiku mzima, na zikirudia tena baada ya wiki mbili rudi na risiti yako dukani.