Kipimo cha Farnsworth-Munsell 100 Hue: nunua taa kwanza

Kipimo hiki hupima jicho linavyotofautisha rangi: anayepimwa hupanga vifuniko vidogo vya rangi kwa mfuatano. Jina linasema 100, lakini ukihesabu vifuniko vya kupanga utavikuta 85. Vimo kwenye visanduku 4 vyembamba: kimoja kina 22, vingine 21 kila kimoja, na miisho ya kila kisanduku imegandishwa kuonyesha pa kuanzia na pa kuishia. Ung'avu na ukolezo vimelinganishwa, kwa hiyo jicho halina pa kushika ila rangi yenyewe. Hapo ndipo kinapoizidi Ishihara, kipimo cha kusoma namba ndani ya vidoti vya rangi, ambayo hunasa upofu wa nyekundu na kijani lakini haimwambii mwenye kiwanda cha vitenge kama mchanganya rangi wake anatofautisha buluu mbili zilizokaribiana.

Vuruga vifuniko, mpe anayepimwa kama dakika 2 kwa kisanduku, kisha funga, pindua, soma namba za chini. Kwa kila kifuniko, jumlisha tofauti ya namba yake na za majirani wawili, halafu toa 2. Akibadilisha 30 na 31 tu, kosa linagusa 29 hadi 32, alama 1 kila kimoja: jumla 4. Jumla ya vifuniko vyote ikiwa chini ya 20 ni jicho kali. 20 hadi 100 ndiko waliko wengi. Makosa yaliyotapakaa huenda ni haraka au uchovu tu. Yakirundikana pande mbili zinazotazamana za mduara wa rangi, shuku seli za koni, zile za jicho zinazotambua rangi. Rudia kabla ya kuamua, maana mara ya pili wengi hufanya vizuri zaidi.

Wanunuzi wengi wanakosea kwenye taa. Balbu ya manjano ya 2700 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) ina buluu haba; vifuniko vya buluu-kijani vinafanana, na mtu mwenye macho mazima anaonekana ana kasoro ya buluu na manjano. Tafuta 6500 K yenye CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi) zaidi ya 90. Kuona 6500 K kwenye boksi hakutoshi: hiyo ni rangi ya mwanga, haisemi kama mawimbi yote yamo ndani yake.

Udhaifu wake mkubwa ni vidole. Uso wa kifuniko hauna mng'ao, unashika mafuta ya ngozi, na chenye doa hupangwa kwa doa badala ya rangi. Glavu za pamba ni lazima. Matoleo ya kwenye simu ni mchezo tu. Kila kioo kina rangi zake.